Kovu Linapoikamata Neva

Daktari aliyefungua mgongo kuondoa kipande cha diski kinachobana neva humaliza kazi yake kwa kushona ngozi. Kazi ya mwili ndiyo kwanza inaanza. Damu iliyosalia ndani huganda, seli zinaingia kusuka nyuzi za kolajeni, na palipokuwa na mafuta laini panaota kovu gumu.

Kwa kawaida, mtu akilala chali akainuliwa mguu ulionyooka, mzizi wa neva kiunoni huteleza milimita chache. Ulionaswa na kovu hauwezi kuteleza, basi unavutwa. Maumivu huanzia kiunoni, yakapita takoni hadi mguuni, pengine miezi kadhaa baada ya mgonjwa kuamini kwamba amepona.

Hata hivyo, tusilihukumu kovu haraka. Karibu kila aliyepasuliwa mgongo analo, na wengi hawaumwi. Kipimo cha MRI kinachotumia dawa ya gadoliniamu husaidia kulitambua: kovu hung'aa kwa kuwa lina mishipa ya damu, ilhali diski iliyochomoza upya haing'ai katikati. Diski hiyo inaweza kutolewa. Kovu ukilikata, jeraha jipya huzaa kovu jingine. Ndiyo maana upasuaji wa pili hufaulu mara chache kuliko wa kwanza, na wa tatu ndio usiseme.

Katika matibabu, mazoezi ya viungo hutangulia, pamoja na dawa za neva kama gabapentini au amitriptilini, ambazo huwafaa baadhi tu.

Zisipotosha, ipo njia iliyoasisiwa na Gabor Racz, daktari mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Lubbock, Texas. Sindano huingizwa kwenye tundu dogo juu ya kifandugu, huku daktari akitazama eksirei. Dawa ya rangi ikimiminwa hutawanyika kama matawi ya mti, na tawi lisilojitokeza ndilo lililozibwa na kovu. Katheta nyembamba husukumwa hadi hapo, kisha hupitishwa kimeng'enya cha kulegeza tishu, steroidi na maji ya chumvi ya asilimia 10. Mgonjwa huwa macho, na dawa ikigusa penyewe husema: ni haya haya yanayonitesa.

Njia nyingine huliacha kovu lilipo na kushughulika na ujumbe wa maumivu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una lango linaloweza kuzuia maumivu yasifike kwenye ubongo. Miaka miwili baadaye Norman Shealy, huko Marekani, alimpandikizia mgonjwa kifaa cha kwanza cha kusisimua uti kwa umeme. Leo vifaa hivyo ni ghali, na sifa zake zimezidi ushahidi: utafiti wa Norwei uliochapishwa 2022, wenye wagonjwa 50, ulijaribu aina moja ya msisimko na haukuona tofauti ya maana kati ya kifaa kilichowashwa na kilichozimwa. Kwa kawaida, kabla ya kupandikiza betri ya kifaa, nyaya zake hujaribiwa kwa siku kadhaa betri ikiwa nje, na maumivu yasipopungua angalau kwa nusu, huchomolewa.