Losheni ya mtoto: tangazo lasema hivi, lebo yasema vile

“Haisababishi mzio.” Maneno hayo mawili yamechapwa kwenye chupa za losheni, shampuu na sabuni za watoto wachanga karibu kila pembe ya dunia, na mama anayeyasoma dukani Kariakoo au kwenye simu yake huyachukua kama ahadi. Nchini Marekani, kisheria, si ahadi ya kitu chochote. Mwaka 1975 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, ilitunga kanuni iliyozitaka kampuni zithibitishe kwa majaribio kwa watu kwamba bidhaa zao huleta mzio mara chache zaidi kuliko bidhaa shindani, ndipo ziruhusiwe kujinadi hivyo. Kampuni mbili za vipodozi, Almay na Clinique, zikaenda mahakamani. Mwaka 1977 Mahakama ya Rufani mjini Washington ikaibatilisha kanuni hiyo, na hadi leo FDA yenyewe huwaambia wananchi kwamba sifa hiyo ina maana yoyote ile ambayo kampuni imeamua kuipa.

Umoja wa Ulaya umebana zaidi. Kanuni yake ya mwaka 2013 inataka kila sifa ya kipodozi iwe ya kweli na iwe na ushahidi, na mwongozo uliofuata unasema bidhaa inayojitangaza kuwa salama kwa wenye mzio isiwe na viambato vinavyojulikana kuuamsha. Lakini hata huko hakuna anayethubutu kusema mzio hautatokea kabisa.

Kwa mtu mzima ugomvi huu ungeweza kuachiwa wanasheria. Kwa mtoto mchanga mambo ni tofauti, maana huzaliwa na ngozi ambayo bado inajijenga. Tabaka lake la juu kabisa, lile linalozuia maji yasitoke mwilini na vijidudu visiingie, ni jembamba kuliko la mtu mzima kwa takriban asilimia 30. Seli za tabaka hilo zimepangwa kama matofali, na mafuta ya asili ya ngozi ndiyo udongo unaoyashika. Kwa mtoto udongo huo bado mbichi. Siku ya kuzaliwa kipimo cha uchachu wa ngozi, yaani pH, kiko karibu na 7, kisha hushuka taratibu kwa wiki kadhaa kuelekea 5.5. Vimeng'enya vinavyotengeneza mafuta hayo vinautaka uchachu huo ili vifanye kazi, ndiyo sababu sabuni ya kipande, ambayo pH yake huwa 9 hadi 10, humkausha mtoto upesi. Zaidi ya hapo, ukilinganisha eneo la ngozi na uzito wa mwili, mtoto mchanga ana ngozi zaidi ya mara mbili ya mtu mzima. Kinachopenya humfikia kwa dozi kubwa.

Ufaransa ilijifunza hilo kwa msiba. Mwaka 1972 poda ya watoto iliyoitwa Talc Morhange ilichanganywa kiwandani, kwa makosa, na heksaklorofini, dawa ya kuulia bakteria, kwa kiwango cha zaidi ya asilimia 6. Watoto zaidi ya 200 waliugua na 36 wakafa, sumu ikiwa imepenya kwenye ngozi ya makalio, mara nyingi ile iliyokwisha kuchubuliwa na nepi, ikafika kwenye ubongo.

Kwa hiyo wazazi wana sababu ya kuwa na hofu, na hofu hiyo ndiyo inayouzwa. Chukua tangazo lolote la losheni ya mtoto uzipitie sifa zake: nyingi zinataja kitu ambacho hakimo. Haina parabeni. Haina salfeti. Haina kemikali. Hili la mwisho ni upuuzi mtupu, kwa kuwa maji nayo ni kemikali, na losheni kwa sehemu kubwa ni maji. Tena ni maji hayohayo yanayoleta tabu yenyewe: chupa yenye maji na mafuta, ikifunguliwa na kushikwa kila siku, huota ukungu na bakteria isipowekwa kihifadhi. Anayesoma kwamba parabeni zimeondolewa ana haki ya kuuliza ni nini kilichowekwa mahali pake.

Jibu la swali hilo lina historia inayostahili kusimuliwa taratibu. Parabeni zilikuwa zimetumika kwa miongo mingi pale utafiti mdogo wa Uingereza wa mwaka 2004 ulipozikuta kwenye vipande vya uvimbe wa saratani ya matiti. Watafiti hawakusema kwamba ndizo zilizoleta saratani, lakini habari ilikwisha toka. Viwanda vikatafuta mbadala, na mmoja uliopendwa ni methilisothiazolinoni, ambayo kwenye lebo huandikwa Methylisothiazolinone au MI. Iliingia kwenye shampuu, losheni na zile tishu za maji za kumfutia mtoto anapobadilishwa nepi. Miaka michache baadaye kliniki za ngozi zikaanza kufurika. Mwaka 2013 Jumuiya ya Marekani ya madaktari wanaoshughulikia mzio wa ngozi iliitangaza MI kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka.

Mwaka uliofuata madaktari wawili wa jimbo la Connecticut waliandika katika jarida la Pediatrics habari za watoto sita. Walikuwa na vipele vyekundu vyenye magamba kuzunguka mdomo, mikononi na makalioni, na kwa muda mrefu walitibiwa kama wagonjwa wa pumu ya ngozi au maambukizi ya bakteria, bila nafuu ya kudumu. Ukizitazama sehemu hizo tatu za mwili utaona ni zilezile ambazo tishu ya maji hupita. Tishu zilipoachwa, ngozi ikapona. Ulaya ilikuja kuipiga marufuku MI kwenye vipodozi vyote vinavyobaki mwilini bila kuoshwa, kuanzia mwaka 2017.

Na parabeni? Mwaka 2019 jumuiya ileile ilizitunuku jina la kinyume, yaani kiambato cha mwaka kisicholeta mzio. Haina maana zimesafishwa zote. Denmark ilizuia aina mbili kati yake kwa watoto walio chini ya miaka mitatu tangu 2011, na Ulaya nzima ikazizuia kwenye bidhaa za kupaka sehemu inayofunikwa na nepi. Hukumu ilitolewa kwa kiambato kimoja kimoja, kwa kipimo na kwa sehemu ya mwili, jambo ambalo tangazo la mistari mitatu haliwezi kulibeba.

Sifa ya pili kwa umaarufu ni uasilia. Hapa waandishi wa matangazo hawahitaji juhudi, kwa kuwa sisi wenyewe tumekwisha kuamini kwamba kilichotoka mtini hakidhuru. Karanga zinatoka shambani. Hata hivyo utafiti uliotoka mwaka 2003 katika New England Journal of Medicine, uliofuatilia watoto wa kusini-magharibi mwa Uingereza, uligundua kwamba waliopata mzio wa karanga walikuwa wamepakwa zaidi krimu zenye mafuta ya karanga kwenye ngozi iliyovimba wakiwa wadogo. Inaelekea mwili uliifahamu karanga kwa mara ya kwanza kupitia ngozi iliyochubuka, ukaihesabu kuwa adui.

Mafuta ya alizeti yanafundisha zaidi. Katika hospitali moja ya watoto mjini Dhaka, Bangladesh, watoto waliozaliwa kabla ya wakati walipopakwa mafuta hayo walipata maambukizi ya hospitalini pungufu kwa asilimia 41 kuliko wasiopakwa. Matokeo yalitoka mwaka 2005. Mwaka 2016 watafiti wa Manchester wakawapaka watoto 115 waliozaliwa kwa wakati wao, wenye afya, wengine mafuta ya alizeti, wengine ya zeituni, wengine wasipakwe kitu. Baada ya wiki nne ngozi za waliopakwa zilikuwa na unyevu zaidi, lakini ule mpangilio wa mafuta ya asili ulikuwa umechelewa kukomaa. Mafuta ni yaleyale, watoto ndio walikuwa tofauti. Muuzaji anayeandika “tafiti zimethibitisha” bila kutaja ni watoto gani hajasema chochote.

Mafuta ya nazi, ambayo bibi wa Pwani hahitaji kuuziwa na mtu, yana ushahidi wake pia. Jaribio lililofanywa Ufilipino na kuchapishwa mwaka 2014 lilionyesha kwamba mafuta safi ya nazi yasiyopikwa kwa moto mkali yaliwasaidia zaidi watoto wenye pumu ya ngozi isiyo kali kuliko mafuta ya madini. Wale walikuwa watoto wagonjwa wenye umri uliosogea kidogo. Kulichukua tokeo hilo ukalibandika kwenye kopo la mtoto wa siku tatu ni kuruka hatua.

Halafu kuna ile “imepimwa na madaktari wa ngozi.” Kipimo kinachotumika zaidi nyuma ya maneno hayo huenda hivi. Watu wa kujitolea, kwa kawaida kati ya 50 na 200, hubandikwa mgongoni au mkononi kiraka chenye bidhaa. Kiraka hurudiwa mara tisa ndani ya wiki tatu, ngozi hupumzishwa kama wiki mbili, kisha kiraka cha mwisho huwekwa mahali pengine ili kuona kama mwili umejenga mzio. Ni kipimo halali na kina faida. Ila watu hao ni wazima, ngozi zao zimekomaa, hawavai nepi, na hawalambi mikono baada ya kupakwa. Na kupimwa si kufaulu. Tangazo likitaja kipimo bila matokeo, mnunuzi amepewa nusu ya habari.

Asilimia za kina mama walioridhika, zinazotajwa kwenye matangazo, ziwekwe kando kabisa. Ukiwapa kina mama losheni mpya ya bure, ukawauliza baada ya wiki mbili kama ngozi ya mtoto ni laini, wengi watakubali, na wangekubali vilevile kama ungewapa mafuta ya mgando ndani ya chupa nzuri.

Ahadi kubwa kuliko zote ni kwamba losheni ya kila siku humkinga mtoto asipate pumu ya ngozi. Hii ilifaa kujaribiwa, na ikajaribiwa vizuri. Uingereza iliandikisha watoto wachanga 1,394 ambao familia zao zina historia ya magonjwa ya mzio. Nusu walipakwa kilainisha ngozi kila siku kwa mwaka mzima. Walipofika miaka miwili, asilimia 23 ya waliopakwa walikuwa na pumu ya ngozi, dhidi ya asilimia 25 ya wenzao, tofauti ndogo isiyothibitisha kinga. Maambukizi ya ngozi yaliongezeka kidogo kwa waliopakwa. Jaribio la Norway na Sweden, lenye watoto 2,397, nalo halikuona kinga. Yote mawili yalitoka mwaka 2020 katika Lancet. Mtoto ambaye tayari ana pumu ya ngozi habari yake ni nyingine: huyo kupakwa ni sehemu ya matibabu.

Jambo moja matangazo ya kigeni huwa hayana budi kulikosea yakifika kwetu, nalo ni hali ya hewa. Krimu nzito iliyobuniwa kwa nyumba yenye hita na baridi kavu ya Januari huko Ulaya inaweza kumfaa mtoto wa Makete au Limuru. Mtoto wa Tanga au Mombasa mwezi Februari anatoka jasho mchana na usiku. Harara humtoka pale mirija ya jasho inapoziba, na kumpaka mafuta mazito juu yake ni kuongeza kizibo. Huyo anahitaji maji, upepo na nguo nyepesi ya pamba, vitu ambavyo havina kampuni ya kuvitangaza. Poda nayo si dawa ya harara. Vumbi lake huingia mapafuni. Ile ya talki Johnson & Johnson iliacha kuiuza Marekani na Kanada mwaka 2020, na duniani kote mwaka 2023.

Tangazo la kuogopwa kuliko mengine yote ni lile la krimu ya mitishamba inayoondoa vipele usiku mmoja. Madaktari wa Birmingham walizipeleka maabara krimu 24 za namna hiyo walizopewa na wazazi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, 20 zilikutwa na steroidi, baadhi zenye nguvu kubwa, bila lebo kutaja. Steroidi, zebaki na haidrokwinoni haziruhusiwi kwenye vipodozi nchini Tanzania. Usajili wa vipodozi Tanzania Bara uko kwa Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019, ulipohamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, na Kenya viwango husimamiwa na shirika la viwango la huko, KEBS. Usajili hausemi kwamba kila sifa ya tangazo ni kweli, lakini kopo lisilo na lebo, lililojazwa nyuma ya duka, halina hata hiyo hatua ya kwanza.

Ukweli ulio mwingi zaidi umeandikwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, na vile visivyofika asilimia 1 huwekwa mwishoni kwa mpangilio wowote. Kuna njia rahisi ya kuutafuta mpaka huo: kihifadhi Phenoxyethanol Ulaya hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1. Kama alovera inayong'aa mbele ya chupa imetajwa baada ya kihifadhi hicho, basi nayo haizidi hapo, na picha ile ya jani ni kubwa kuliko jani lenyewe. Neno Parfum nalo laweza kuficha viambato kadhaa kwa pamoja, na manukato ni miongoni mwa visababishi vikuu vya mzio wa vipodozi. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu huwa na mstari mmoja tu, Petrolatum, nayo ni ya bei nafuu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 tangu kuzaliwa, na kwa wiki za mwanzo mtoto mzima wa afya hana haja ya kupakwa vitu vingi. Vipele vikitokea na visipotulia kwa siku chache, au vikitoa majimaji, au mtoto akawa na homa, ni kumpeleka kituo cha afya, pamoja na kila kopo, chupa na pakiti ya tishu anazotumia, ili mhudumu azigeuze na kuzisoma upande wa nyuma.