Je, Kabichi na Figili Zafaa Chini ya Mikarafuu?



Wenzetu wenye ng'ombe na mbuzi hutuuliza habari ya mimea ya jamii ya kabichi. Wamesikia ya kuwa katika nchi za baridi mimea hiyo hupandwa makusudi ifunike ardhi, kisha wanyama wakalishwa. Nao wauliza: je, nasi tuipande katikati ya mikarafuu? Twaona vema tulieleze jambo hili, maana lina faida, na pia lina hatari ya kumpotezea mtu ng'ombe wake.

Sifa ya mimea hii ilienea sana kutoka Norfolk, huko Uingereza. Bwana mmoja mkubwa, Charles Townshend, aliacha kazi ya serikali mwaka 1730 akarudi kwenye mashamba yake. Huko alishikilia kilimo cha tanipu, mmea wa jamii ya kabichi wenye kichwa kinene kama figili kubwa, hata watu wakambandika jina la mmea huo. Wakulima wa huko wakawa wanapokezana mimea minne katika konde moja: ngano, tanipu, shayiri na klova, ambayo ni ya jamii ya kunde. Wakati wa baridi kondoo walilishwa tanipu papo hapo kondeni, na samadi yao ikabaki pale pale. Ardhi iliyokuwa ikiachwa tupu ikawa yalisha wanyama. Mpaka leo wafugaji wa New Zealand hupanda mimea ya namna hii kwa malisho ya baridi.

Sasa tutazame mashamba yetu. Jibu letu ni kuwa chini ya mikarafuu mimea hii haifai, kwa sababu tatu.

Kwanza, yataka jua, na mkarafuu mkubwa una kivuli. Pili, ina ulafi wa mbolea. Kunde hutia naitrojeni katika udongo kwa msaada wa vijidudu vya mizizini mwake. Kabichi na figili hazina kazi hiyo, huchukua tu iliyopo. Tatu, nayo ndiyo kubwa, yataka ardhi iliyolimwa ikalainishwa. Mizizi mingi inayoulisha mkarafuu i karibu na uso wa ardhi. Jembe likipita, huikata. Tena vilima vya Pemba vina miteremko mikali. Ukiulegeza udongo halafu masika ikaingia, utauona ukiteremka bondeni pamoja na maji.

Lakini wazo lenyewe, la kuivika ardhi na kulisha wanyama kwa mmea mmoja, ni jema, na sisi tunayo mimea yetu ya kulitimizia. Penye mikarafuu michanga, ambapo jua bado lafika chini, pandeni kunde kwa vishimo vidogo bila kulima ardhi yote. Viazi vitamu navyo hufunika vizuri, na majani yake wanyama huyapenda. Ila vipandwe mbali na miche, kwani kuvichimba ni kukata mizizi. Kila mche uachiwe duara safi la futi tatu kila upande, usije ukaparamiwa na mimea itambaayo. Penye mikarafuu mikubwa, yatosha kuyafyeka magugu na kuyaacha yalale chini yawe matandazo. Kabla ya kuchuma, fyekeni tena ili karafuu zinazoanguka zionekane.

Majani ya malisho yakatwe yapelekwe bandani. Mbuzi asifunguliwe shambani: siku moja yamtosha kula miche ya mwaka mzima. Na anayetoa majani shambani arudishe samadi, la sivyo anaiuza rutuba yake kidogo kidogo.

Basi kabichi na figili mahali pake ni bustani ya mboga, penye jua na maji, hasa wakati wa kipupwe. Kichwa kikishauzwa, majani yaliyobaki ni chakula kizuri cha ng'ombe. Hapo ndipo twaomba uangalifu, maana majani hayo ni maji matupu kwa sehemu kubwa, na nyuzinyuzi zake ni chache. Ng'ombe mwenye njaa akimwagiwa rundo zima aweza kufura tumbo akafa. Shikeni haya:

1. Mnyama ale nyasi kwanza, ndipo apewe kabichi.

2. Mwanzoni apewe kidogo, na kiasi kiongezwe kwa muda wa siku kumi. Pole pole ndio mwendo.

3. Kabichi isizidi theluthi moja ya chakula chake cha siku.

4. Figili nene na mashina yakatwe vipande vidogo, yasimkabe koo.

5. Ng'ombe wa maziwa apewe baada ya kukamuliwa, kwani harufu huingia katika maziwa.

6. Majani yaliyooza, au yaliyopigwa dawa ya wadudu karibuni, yasitolewe kabisa.

Akilishwa sana kwa majuma mengi, mnyama aweza kupungukiwa damu, na mkojo wake ukawa mwekundu. Tena aweza kuota rovu. Mkiona dalili hizo, acheni majani hayo mara moja na mwiteni bwana mifugo.

Ndugu wanachama, mkarafuu waweza kumzika aliyeupanda na mwanawe pia. Udongo unaoubeba haustahili kuachwa uchi hata masika moja. Kabla mvua hazijaanza, kila mmoja wetu azunguke shamba lake, atazame wapi ardhi i tupu, na aanzie hapo.