Gari-Nyumba la Mstaafu: Kubwa Kuliko Yote, Lililokwenda Mbali Kuliko Yote, na Linaloiweza Njia ya Thimlich Ohinga

Mwaka 1990 Sheikh Hamad bin Hamdan Al Nahyan wa Abu Dhabi alitengenezewa nyumba ya magurudumu iliyoingia katika rekodi kuwa kubwa kuliko zote duniani: urefu mita 20, upana mita 12, uzito tani 120, vyumba 8 vya kulala, bafu 8, gereji 4 na maji lita 24,000. Upana huo unazidi lami yote ya barabara ya Rongo kwenda Homa Bay. Mwalimu au muuguzi anayestaafu akiwa na miaka 60, kiinua mgongo kimeingia benki na moyo unatamani safari, asianze hesabu zake kwa ukubwa.

Aanzie kwa aliyefika mbali zaidi. Gunther Holtorf, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa shirika la ndege, aliacha kazi akiwa na miaka 51 na kuja Afrika na Mercedes-Benz 300 GD aliyoiita Otto. Hadi anaegesha mwaka 2014, akiwa na miaka 77, Otto alikuwa ametembea karibu kilomita 900,000 katika nchi na maeneo zaidi ya 170. Viti vya nyuma aliving'oa, akaweka godoro. Spea alizibeba mwenyewe, na matengenezo mengi aliyafanya kwa mikono yake, kwa sababu gari halikuwa na vifaa vya kielektroniki vya kumshinda. Mkewe Christine alisafiri naye miaka mingi, hadi alipofariki mwaka 2010. Gari hilo sasa liko katika makumbusho ya Mercedes-Benz, Stuttgart. Waswisi Emil na Liliana Schmid, walioondoka kwao Oktoba 1984, wamepita kilomita 700,000 kwa Toyota Land Cruiser, gari ambalo fundi wa Migori analijua kama kiganja chake. Wote hawa walilala ndani ya magari yasiyozidi ukubwa wa gari la kawaida la mbugani.

Hata aliyetangulia wote katika starehe hii alikuwa mstaafu. William Gordon Stables, daktari aliyeacha kazi katika jeshi la majini la Uingereza, alijengewa gari la kuvutwa na farasi wawili, akaliita The Wanderer, na mwaka 1885 akasafiri nalo hadi Inverness, Uskoti.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo gari linapopimwa. Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120 katika bonde la Lambwe, ndipo mahali pekee Kenya ambapo swala aitwaye korongo anaishi porini. Udongo wake ni mweusi, na mvua ikinyesha hunata kwenye tairi mpaka gari zito linakalia tumbo. Gari la magurudumu yote manne linavuka. Basi dogo lililojazwa kabati za mbao linabaki kuvutwa na trekta. Mbung'o nao ni wakaidi, kwa hiyo dirisha lisilo na wavu halifai. Ukanda wa Ziwa Victoria pia ndio unaoongoza nchini kwa malaria, na wavu huo huo utakulinda usiku.

Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori, ndilo boma kubwa na lililohifadhika kuliko yote ya aina yake: kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji tangu karne ya 16, nyingine zikifika kimo cha mita 4.5. UNESCO ililiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Njia ya kufika huko ni ya kokoto na mashimo, na gari lenye tumbo la chini litaacha bomba la moshi njiani. Kisiwa cha Rusinga ni rahisi zaidi: unapita daraja la Mbita bila kushuka, unazuru kaburi la Tom Mboya, kisha unaegesha kwenye kisiwa hicho hicho, ambako mtafiti Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, nyani wa kale, mwaka 1948. Kisiwa cha Mfangano hakina daraja. Gari libaki Mbita, wewe upande boti.

Ukiagiza kutoka nje, kumbuka Kenya haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, wala lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ndiyo maana gari-nyumba la Ulaya si la kulitegemea hapa.

Hukumu yangu ni hii. Kwa anayekaa kwenye lami, Isebania hadi Kendu Bay, Toyota Hiace yenye dari la juu inatosha: spea zake zipo kila mji, na mnasimama ndani bila kuinama sana. Kwa anayetaka Ruma na Thimlich, achukue Land Cruiser. Ila hema la juu ya paa, linalopendwa na vijana, silipendekezi kwa magoti ya miaka 65, maana ngazi yake hupandwa na kushukwa gizani.

Kabla hujatoa hata shilingi ya kiinua mgongo, mwombe mwenye gari akuachie mlale ndani usiku mmoja, wewe na mwenzako. Mkiweza kuamka saa nane usiku, kutoka nje na kurudi kitandani bila taabu, lipeni.