Vyama vya wafanyakazi: bado vinahitajika?

Mkata mkonge wa Korogwe anaweza kujiuliza: kama sheria ya kazi ipo, ya nini kukatwa ada ya chama kila mwezi?

Ni kweli, Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inaweka likizo ya mwaka, malipo ya saa za ziada na masharti ya kumwachisha mtu kazi. Serikali nayo hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta.

Lakini hicho ni kiwango cha chini tu. Anayetaka zaidi lazima ajadiliane na mwajiri, na anayekwenda ofisini peke yake ni rahisi kuambiwa: hutaki, wengine wapo. Chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaohusika, sheria inamtaka mwajiri ajadiliane nacho kwa nia njema. Wakikubaliana husaini mkataba wa hali bora, nao unambana mwajiri kisheria.

Tena kuna suala la muda. Anayeona ameachishwa kazi kwa uonevu ana siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Asiyejua hujikuta siku zimepita. Kiongozi wa chama anaweza kumkumbusha mapema, hata kumwakilisha mbele ya Tume.

Na chama kikikata ada bila kuonekana shambani? Viongozi wake huchaguliwa na wanachama. Hudhurieni mikutano, ombeni hesabu, na uchaguzi ukifika wasiofaa muwaondoe.