Kuridhika na Motisha ya Wanafunzi katika Uzamili wa Kozi na Tasnifu: Mafunzo ya Hojaji ya Uingereza kwa Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Ikisiri

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vinatakiwa kuonyesha kwamba wanafunzi wao wanaridhika na mafunzo wanayopewa. Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo kati ya kuridhika kwa mwanafunzi wa uzamili na motisha iliyomfanya ajiunge na masomo hayo. Yakitumia mfano wa hojaji ya kitaifa inayotumiwa nchini Uingereza, yanaonyesha kwamba wastani wa kuridhika hauna maana ya kutosha usipogawanywa kwa kufuata motisha za wahojiwa, na kwamba hupotosha pale unapokusanywa kabla ya hatua ya tasnifu. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza namna ya kupima inayolingana na muundo wa uzamili katika eneo hili.

Maneno makuu: uzamili, tasnifu, kuridhika, motisha, usimamizi, udhibiti ubora

1.0 Utangulizi

Katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania, Kenya na Uganda, shahada ya uzamili hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya utafiti pekee, ambapo mwanafunzi huandika tasnifu chini ya msimamizi bila kupitia madarasa. Ya pili ni ya kozi na tasnifu: mwanafunzi huhudhuria kozi na kufanya mitihani, kwa kawaida katika mwaka wa kwanza, kisha huandika tasnifu. Njia hii ya pili ndiyo inayojadiliwa hapa.

Darasa la uzamili wa namna hii huwakutanisha watu wenye hali tofauti sana. Yumo mhitimu wa shahada ya kwanza ambaye hajapata ajira, mwalimu wa sekondari anayesoma jioni au wakati wa likizo za shule, afisa wa serikali anayetazamia kupanda cheo, na mkufunzi msaidizi aliyepelekwa masomoni na chuo chake. Wote hujaza hojaji moja, na majibu yao hujumlishwa kuwa tarakimu moja.

Mwongozo wa udhibiti ubora wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki (IUCEA) unahesabu kuridhika kwa wadau, wakiwamo wanafunzi, kuwa sehemu ya tathmini ya programu. Hoja hiyo ni sahihi. Swali linalobaki ni hili: mwanafunzi wa uzamili anaposema ameridhika, ameridhika na nini, na kwa kulinganisha na nini?

2.0 Kuridhika na Motisha: Dhana Mbili Zinazotegemeana

Nadharia ya Oliver (1980), iliyozuka katika taaluma ya masoko, inaeleza kuridhika kuwa ni matokeo ya ulinganisho. Mtu huja na matarajio, hupokea huduma, kisha hulinganisha alichopata na alichotarajia. Kwa mantiki hii, wanafunzi wawili waliofundishwa na mhadhiri yuleyule, katika chumba kilekile, wanaweza kutoa majibu yanayopingana bila yeyote kati yao kusema uongo. Aidha, mwanafunzi aliyezoea kusubiri mrejesho kwa miezi mitatu anaweza kuandika kwamba ameridhika sana anapoupata baada ya miwili. Jibu lake linaeleza udogo wa matarajio yake kuliko ubora wa usimamizi.

Matarajio nayo huchimbuka katika motisha. Deci na Ryan (1985) wanatofautisha motisha ya ndani, ambapo mtu hufanya jambo kwa kuwa jambo lenyewe linamvutia, na motisha ya nje, ambapo hulifanya kwa ajili ya kitu kitakachofuata, kama vile cheo, mshahara au heshima. Wataalamu hawa hawakuziona aina hizi kuwa kambi mbili zilizotengana kabisa. Sababu ya nje inaweza kupokewa na mtu hadi ikawa sehemu ya malengo yake mwenyewe. Mwalimu aliyejiunga kwa ajili ya cheo anaweza kufikia mwaka wa pili akiwa amenogewa na utafiti. Kinyume chake pia hutokea: aliyekuja kwa kupenda somo huchoka, akabaki akitafuta cheti tu.

Mchango wa Herzberg na wenzake (1959), uliotokana na mahojiano na wahandisi na wahasibu katika eneo la Pittsburgh, unaongeza jambo la tatu. Waligundua kwamba yanayowaudhi watu kazini si kinyume cha yale yanayowaridhisha. Taratibu mbovu huudhi, lakini kuzirekebisha hakuleti ari. Ari hutokana na mafanikio, kutambuliwa na kazi yenyewe. Mantiki hii ikihamishiwa chuoni, foleni ya malipo ya ada na maktaba inayofungwa mapema ni mambo ya kundi la kwanza, ilhali mjadala wenye uzito na sura ya tasnifu iliyosomwa kwa makini ni ya kundi la pili. Hojaji inayoyachanganya yote katika wastani mmoja humwambia mkuu wa idara kwamba kuna tatizo bila kumwelekeza aanzie wapi.

3.0 Hojaji ya Uingereza: Nguvu Zake na Mipaka Yake

Nchini Uingereza, hojaji ya kitaifa kuhusu uzoefu wa wanafunzi wa uzamili wa kozi, inayojulikana kwa kifupi PTES, ilianza kutumika mwaka 2009. Leo inaendeshwa na shirika la Advance HE. Vyuo hushiriki kwa hiari. Wahojiwa huonyesha kiwango cha kukubali au kukataa kauli kuhusu ufundishaji, ushirikishwaji, tathmini na mrejesho, mpangilio wa programu, nyenzo na tasnifu.

Mambo mawili katika hojaji hiyo yanastahili kuigwa. Kwanza, huuliza pia kwa nini mhojiwa aliamua kusoma uzamili: je, ni kusonga mbele katika kazi aliyonayo, kuboresha nafasi ya kuajiriwa, kujiandaa kwa uzamivu au kulipenda somo? Hivyo mchanganuzi anaweza kutenganisha majibu ya makundi haya. Pili, matokeo ya chuo kimojakimoja hayatangazwi ili kuvipanga vyuo kwa ngazi. Hutumiwa kwa ulinganisho wa ndani na marekebisho. Kwa njia hiyo kishawishi cha kuwashinikiza wanafunzi watoe majibu mazuri hupungua.

Hata hivyo, hojaji hiyo ilibuniwa kwa kufuata kalenda ya Uingereza. Uzamili wa kozi huko kwa kawaida ni wa mwaka mmoja wenye krediti 180, na tasnifu, ambayo mara nyingi huchukua krediti 60, huandikwa zaidi katika miezi ya kiangazi. Hojaji hujazwa kati ya Februari na Juni. Kwa hiyo wengi huulizwa wakiwa wamemaliza kozi au wanakaribia kuzimaliza, huku tasnifu ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Kwa Uingereza kasoro hii ni ndogo, kwa sababu tasnifu yenyewe huchukua miezi michache na tarehe ya mwisho hujulikana tangu awali. Kwa Afrika Mashariki hali ni tofauti.

4.0 Tasnifu: Mahali Ambapo Hojaji Haifiki

Katika vyuo vya eneo hili, mwanafunzi aliyefaulu kozi zote huingia katika safari yenye vituo vingi: kuandika pendekezo la utafiti, kuliwasilisha idarani, kulirekebisha, kupata idhini ya ngazi za juu, kupata kibali cha utafiti (nchini Kenya kutoka NACOSTI, kwa mfano), kukusanya data, kupeleka sura kwa msimamizi, kutahiniwa na kufanya masahihisho. Kila kituo kina ucheleweshaji wake. Katika kipindi hichohicho mwanafunzi huwa amerudi kazini, ruhusa ya mwajiri imekwisha, na hana darasa la kumkutanisha na wenzake.

Hapo ndipo motisha hutofautisha hatima. Aliyejiunga kwa ajili ya cheo hupima faida: endapo mwajiri ameacha kuipa shahada ya uzamili uzito katika upandishaji vyeo, sababu ya kuendelea hutoweka. Mkufunzi msaidizi hawezi kuacha, kwa kuwa ajira yake imefungamana na kuhitimu. Huvumilia hata usimamizi dhaifu. Mwenye mapenzi na somo huvumilia taratibu, lakini huvunjika moyo anaporudishiwa sura isiyokuwa na maoni yoyote.

Uzamili wa Kiswahili unalidhihirisha jambo hili waziwazi. Rwanda iliifanya lugha hii kuwa mojawapo ya lugha rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha ifundishwe kwa lazima shuleni. Hatua hizo zinaongeza haja ya walimu na wakufunzi. Mwalimu anayekuja kusoma kwa lengo hilo hutarajia mbinu za kufundisha lugha ya pili; akikuta kozi zinazoelemea nadharia za mofolojia na uhakiki wa fasihi, anaweza kutoridhika ingawa kozi hizo zimefundishwa vizuri kabisa. Tatizo hapo ni ulinganifu wa programu na malengo ya wanaoingia. Kumlaumu mhadhiri hakutalitatua.

Athari ya wakati wa kuuliza inaweza kuonekana kwa hesabu ya kubuni. Ichukuliwe programu iliyodahili wanafunzi 40. Katika mwaka wa pili, 24 bado wanapatikana na wanajaza hojaji. 18 kati yao wanasema wameridhika. Ripoti itaandika asilimia 75. Wale 16 wasiopatikana hawamo katika hesabu, ingawa huenda wao ndio wenye habari muhimu zaidi. Wakihesabiwa wote waliodahiliwa, waliothibitika kuridhika ni asilimia 45. Tarakimu zote mbili ni sahihi, lakini ya kwanza inaficha swali ambalo mtunga sera anapaswa kuuliza: wengine wako wapi?

Kuna pia suala la usiri. Katika darasa la watu sita, umri na mahali pa kazi vinatosha kumtambulisha mhojiwa. Mwanafunzi ambaye tasnifu yake bado imo mikononi mwa msimamizi ana kila sababu ya kusifu.

5.0 Mapendekezo na Hitimisho

Mjadala huu unaelekeza kwenye mapendekezo matano. Kwanza, motisha na matarajio yaulizwe wakati wa udahili, kwa kuwa mtu akiulizwa mwishoni huirekebisha kumbukumbu yake ilingane na yaliyompata. Pili, kuridhika kupimwe mara tatu: baada ya kozi, katikati ya tasnifu na baada ya kuhitimu. Tatu, walioacha masomo watafutwe na kuulizwa. Nne, kila ripoti itaje idadi ya waliodahiliwa pamoja na ya waliojibu, na majibu ya madarasa madogo yaunganishwe kwa miaka kadhaa ili kulinda usiri. Tano, majibu yasomwe sambamba na kumbukumbu za idara, hususani muda unaopita kati ya mwanafunzi kuwasilisha sura na kupata mrejesho.

Hakuna pendekezo kati ya haya linalohitaji mitambo mipya. Yanahitaji rejista zinazotunzwa vizuri na ofisi iliyo tayari kupokea majibu yasiyopendeza. Asiyehitimu hupoteza ada na miaka yake, na utafiti aliouanza hausomwi na yeyote. Mfumo wa tathmini usiomhesabu mtu huyo hauwezi kuieleza sera ubora wa uzamili.