Boda, Mchepuko na Samaki wa Majanji

Mwanafunzi anayekwenda Busia ajue kwanza kwamba neno boda boda lilizaliwa mpakani huko, wenye baiskeli walipowavusha wasafiri kati ya Kenya na Uganda wakinadi "boda, boda!"

Katika miaka ya 2010 Uganda ilijenga kwa lami barabara ya kutoka Musita, kupitia Lumino, hadi Busia na Majanji, kilomita 104. Majanji ni ufuo wa Ziwa Victoria. Watu huenda kupunga upepo na kula samaki wa kukaanga. Barabara yoyote ikifumuliwa, mama wauza chakula wa kando yake ndio huumia kwanza: magari yakigeuzwa, wateja nao wamekwenda, na vumbi linabaki sufuriani.

Njia ya muda inayozunguka ujenzi huitwa mchepuko. Angalia, lakini! Tanzania mchepuko ni hawara pia, kwa hiyo usimwulize dereva, "Mchepuko wako uko wapi?" Wakenya wengi husema dayavasheni. Wewe sema: "Kaka, nipitishe njia ya kando mpaka Majanji." Mpatane bei kabla hujapanda, na utaje kama ni shilingi za Kenya au za Uganda.