Mdaiwa Akiwa Nje ya Nchi, Wito Humfikiaje?

Migogoro ya mashamba katika kata za miteremko ya Mlima Meru mara nyingine humhusu ndugu asiyekuwepo: yuko Nairobi, Oman au Marekani. Baraza la Kata husuluhisha tu. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, mgogoro waweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo ndipo suala la wito huibuka.

Kumwachia wito mama mzazi wa mdaiwa hakutoshi, kwa kuwa mdaiwa haishi naye tena. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, ambayo Baraza huifuata pale kanuni zake zisipojitosheleza, huangalia kwanza kama mdaiwa ana wakala nchini mwenye mamlaka ya kupokea wito. Asipokuwa naye, wito hutumwa hukohuko anakoishi. Kwa aliyeko Kenya au Uganda, waweza kupitia mahakama za huko.

Kwa hiyo anwani kamili ni jambo la kutafutwa mapema, ikiwezekana wakati ndugu bado wanasalimiana. Ikikosekana kabisa, mdai huomba ruhusa ya kutangaza wito gazetini, akieleza kwa kiapo juhudi alizofanya kumtafuta mdaiwa. Uamuzi wa upande mmoja uliotolewa bila wito halali unaweza kutenguliwa na shauri likaanza upya, hata kama mshindi ameshajenga.